Pedeli za umeme: kuja kwa dereva zinakuja, kurudi mbele hazitaki. Ni mota kweli?

#1 Katanga_Njia
Habari wakuu. Naomba macho ya watu wa umeme wa magari.

Gari ni SUV ya Kimarekani ya 2005, usukani kushoto, imepitia Dubai hadi Lubumbashi. Pedeli zinasogezwa na mota: unabonyeza swichi pembeni ya usukani, ya breki na ya mafuta zinakwenda pamoja. Mlangoni hakuna vitufe vya kumbukumbu (vya kurudisha pedeli mahali ulipohifadhi). Nikibonyeza kuzileta kwangu zinakuja, ingawa polepole. Nikibonyeza kuzirudisha mbele, kimya. Mara nyingine mota inanguruma nusu sekunde inaacha. Na mara mojamoja, hasa gari likiwa limetembea muda mrefu, hazisikii upande wowote. Ukiliacha saa moja, upande ule mmoja unarudi.

Fyuzi nzima. Plagi ya mota ina waya mbili tu. Nimeichomoa nikapima kwa mita huku swichi imebonyezwa: volti 12.4 upande mmoja, 12.3 upande wa pili. Fundi anasema umeme unafika, basi mota imekufa, ninunue pedeli zote na fremu yake. Ni sawa?

#2 MotaNaBrashi
Fundi hajakosea sana. Mota ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) ikichoka inakuwa hivyohivyo: leo inazunguka, kesho inanguruma na kuacha. Mwambie mtu abonyeze swichi, wewe gonga mgongo wa mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikistuka na kuzunguka, brashi zimeisha. Pia pima omu kwenye pini zake mbili huku unaizungusha kwa mkono polepole. Namba itacheza kidogo, hiyo ni kawaida, ila ikiruka ghafla kama waya umekatika, hapo kuna sehemu imeungua kwenye komyuteta, ile pete ya shaba inayosuguliwa na brashi.

#3 WayaMwekundu
#1 usinunue kitu bado. Hiyo 12.4 haina maana uliyoambiwa. Mita haili umeme. Waya ukioza ukabakiwa na uzi mmoja tu wa shaba, mita itasoma volti zote kama kawaida, lakini mota ikidai ampea zake volti zinaporomoka. Tafuta balbu ya breki ya wati 21, ilehemu waya mbili, ichomeke mahali pa mota. Inakula karibu ampea 1.75, inatosha kufichua waya mbovu. Bonyeza huku, bonyeza kule. Ikiwaka sawasawa pande zote, mrudie #2 na brashi zake. Ikififia upande mmoja, mota inasingiziwa.

Sasa tazama swichi hizi zinavyofanya kazi, maana jibu liko hapo. Mota haina waya wa chanya wala wa hasi wa kudumu. Swichi ikiwa imetulia, waya zake zote mbili zimelala kwenye hasi. Ukibonyeza upande wa kwanza, waya A unaruka kwenye chanya, B unabaki palepale kwenye hasi. Upande wa pili, kinyume chake. Kwa hiyo waya zilezile mbili zinafanya kazi pande zote, na chanya kinacholisha swichi ni kilekile. Upande mmoja ukifanya kazi, hivyo vyote ni vizima. Kinachobaki ni kontakti za ndani ya swichi: ama ile inayopeleka chanya kwenye B, ama ile inayotakiwa kumrudisha A kwenye hasi. Hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Watu wanatafuta chanya kilichopotea kumbe kilichopotea ni hasi.

#4 KijanaWaGereji
Mbona mnazunguka? Chomoa mota, iwashe moja kwa moja kutoka kwenye betri, geuza waya, iwashe tena. Dakika mbili jibu limepatikana.

#5 DadaSpana
#4 njia ni nzuri mdogo wangu, ila usiiache bila masharti, kuna mtu ataisoma ataunguza gari.

Kwanza mota ichomolewe kabisa kwenye plagi ya gari. Ukipeleka umeme kwenye waya ambao bado umeungana na moduli (kompyuta ndogo inayoongoza pedeli), unaingiza volti 12 kwa mlango wa nyuma na moduli inakufa. Pili, waya wa kupeleka umeme uwe na fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, si waya mtupu. Tatu, gusa kwa sekunde moja moja. Pedeli zikifika mwisho wa njia na wewe umeng'ang'ania, mota inasimama huku umeme unapita, unapasha moto mota bure au unavua meno ya gia ya plastiki.

Na hesabu pini! Ya #1 ina mbili, sawa. Zenye kumbukumbu huwa na waya tano: mbili nene za mota, tatu nyembamba za sensa ya mahali pedeli ilipo. Sensa inatumia volti 5. Ukiigusisha 12 umeiua, na utaanza kutafuta tatizo jipya ulilolitengeneza mwenyewe.

Jambo jingine: chini ya dashibodi upande wa dereva kuna plagi na vifuniko vya njano. Hizo ni za mifuko ya hewa. Usizichome sindano, usizipime kwa taa. Ukitaka kufungua sana, toa hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa.

#6 Ruwi72
Salaam kutoka Muscat. Huku gari hizi ni nyingi na tatizo kubwa kuliko umeme ni uzito. Kila pedeli ina skurubu ndefu inayozunguka ndani ya nati, kama ya jeki. Grisi ya kiwandani ikikauka kwa joto na kuchanganyika na vumbi inakuwa kama udongo. Mota inavuta ampea nyingi kuliko kawaida, na mota hizi nyingi zina kinga ya joto ndani: ikichemka inakata, ikipoa inaunganisha tena. Mngurumo wa nusu sekunde kisha kimya, mimi nafikiria kinga hiyo kwanza. Polepole aliyoisema #1 upande wa kuja nayo ni dalili ya uzito.

Kabla ya kufungua chochote toa kapeti zote za miguuni. Zile nene za mpira zikiwekwa juu ya kapeti ya gari zinakamata mkono wa pedeli. Pia piga tochi kwenye njia ya pedeli: sarafu, kalamu, kifuniko cha chupa. Nati ikikutana na kalamu, mota nzima inaonekana mbovu.

#7 WayaMwekundu
#6 uzito unawezekana, ila haujibu kwa nini upande mmoja tu. Skurubu iliyokauka ni nzito kuja na nzito kwenda.

#8 Ruwi72
Si lazima. Ukiwa na nati iliyolika upande mmoja wa meno, inapanda ikienda huku na kuteleza ikirudi kule. Na springi ya breki inasukuma upande mmoja. Usifunge mlango mapema ndugu yangu.

#9 MzeeWaMita
Wote mmeruka kizuizi cha rivasi. Mfumo huu hauruhusiwi kufanya kazi kila wakati. Kitabu cha dereva cha Dodge Ram kinasema pedeli zinaweza kusogezwa hata swichi ya moto ikiwa imezimwa, lakini hazisogei gia ikiwa kwenye rivasi wala wakati gari linashikilia mwendo lenyewe barabarani. GM nao wanazuia mambo hayohayo mawili kwenye Tahoe. Ford wanataka gari limesimama na gia iko P (ya kuegesha). Kwa hiyo kuna kitu, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) au moduli, kinachosimama kati ya fyuzi na swichi na kusikiliza gia.

Sensa ya gia iko kwenye giaboksi, na giaboksi likipata moto baada ya safari ndefu sensa iliyochoka inaanza kusema uongo. Gari linadhani liko rivasi, pedeli zinafungwa pande zote mbili. #1 umesema hasa likiwa limetembea muda mrefu, na kwamba ukiliacha saa moja linapona. Siku zikifa, gia ikiwa P na moto umewashwa, mtu akaangalie nyuma taa nyeupe za rivasi. Kisha peleka N, bonyeza. Rudisha P, bonyeza. Zikizinduka kwa kutikisa gia, umepata njia.

#10 Ruwi72
Au ni kinga ya joto ile niliyosema, mzee wangu. Nayo inapoa.

#11 MzeeWaMita
Kinga ya joto haihitaji saa moja, dakika chache zinatosha. Tena inakata kwa sababu umebonyeza sana, si kwa sababu umeendesha gari bila kugusa swichi. Hapo sikubaliani nawe.

#12 BaridiKaskazini
Nipo Minnesota. Huku chumvi inayomwagwa barabarani kipindi cha theluji inaingia na viatu, inayeyuka kwenye kapeti, unyevu wake unapanda mpaka kwenye plagi za pedeli. Ukifungua unakuta kutu ya kijani kwenye pini. Lubumbashi hakuna chumvi ila mvua ipo, na kioo cha mbele kilichowahi kubadilishwa bila gundi ya kutosha kinapitisha maji ndani ya dashibodi. Pitisha kidole nyuma ya plagi ya swichi, kikitoka na unga wa kijani usiulize tena.

Nyongeza kwa wengine watakaosoma: mota moja inaendesha pedeli mbili kwa kebo inayopindika, ndani yake kuna msuko wa chuma wenye ncha ya mraba. Ncha inaingia kwenye tundu la mraba la gia ya kila pedeli. Ganda la kebo likilegea, ncha inatoka milimita chache, inazunguka hewani. Mota unaisikia vizuri, breki inasogea, ya mafuta imebaki. Hilo si la umeme kabisa.

#13 DadaSpana
#12 umegusa panaponiuma. Mtu akirudisha hiyo kebo ovyo anatengeneza hatari. Kabla ya kuunganisha, pedeli ZOTE MBILI zipelekwe mwisho wa njia upande mmoja, mbele kabisa, kila moja ikiwa imegota. Ndipo kebo irudi. Ukiunganisha moja ikiwa imebaki sentimeta mbili nyuma, zitatembea pamoja milele zikiwa na tofauti hiyo. Breki inatakiwa kukaa juu kidogo kuliko ya mafuta ili mguu ukihama haraka uikute. Ya mafuta ikitangulia, siku ya kukanyaga breki kwa dharura kiatu kinakamata zote mbili. Pedeli zikiwa zimetofautiana gari lisitoke gereji, hata kwa kujaribu.

#14 Katanga_Njia
Ahsanteni sana. Nimefanya kazi ya balbu aliyoieleza #3. Upande wa kuja kwangu inawaka nyeupe. Upande wa kwenda mbele inakuwa nyekundu kama kaa linalozimika. Kapeti nimezitoa zote, hakuna kitu kwenye njia.

Nikaacha balbu imechomekwa, nikabonyeza upande mbovu, nikaweka mita kati ya waya wa mota unaotakiwa kuwa hasi na hasi ya betri: volti 4.1. Upande mzuri nikipima hivyohivyo: 0.15. Swichi nimeivuta nje, nyuma yake kuna waya sita: mwekundu mmoja, mbili za mota, nyeusi mbili, na mmoja mwembamba nadhani ni wa taa ya usiku.

#15 WayaMwekundu
Hapo umefanya kazi ya fundi. Hasi nzuri isizidi 0.2 au 0.3 huku umeme unapita. 4.1 maana yake theluthi ya betri inapotea njiani badala ya kufika kwenye mota.

Ila nyeusi mbili zinabadilisha hesabu yangu ya #3. Nilidhani hasi ni moja. Kama kila kontakti ina hasi yake, basi inaweza kuwa swichi, na inaweza kuwa ule weusi mmoja wapo njiani. Kutofautisha: plagi ikiwa imechomolewa kwenye swichi, tumia kipande cha waya chenye fyuzi, toa umeme kwenye mwekundu upeleke waya mmoja wa mota, na ule wa pili uunge kwenye nyeusi ya kwanza. Tazama balbu. Kisha hamisha kwenye nyeusi ya pili. Zikiwaka zote sawa, kosa liko ndani ya swichi. Moja ikififia, fuata waya huo hadi unapofungwa kwenye bodi, mara nyingi chini ya plastiki ya pembeni karibu na mguu wa kushoto wa dereva.

#16 MotaNaBrashi
Nakubali, mota haikuhusika na upande mmoja. Ila ule polepole bado ni wangu.

#17 KijanaWaGereji
Mkuu #2 brashi hauziachi ☺. Swali nje kidogo: gari la aina hii linatoa namba ya kosa P2135, injini haipandi, na pedeli zinasogezwa kwa umeme. Ni waya wa pedeli unaokatika kwa kupindwapindwa?

#18 MzeeWaMita
Soma namba vizuri kijana. P2135 ni sensa za kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), zimepishana. Ya pedeli ni P2138. Ukiona P2122 au P2127 ni saketi moja ya pedeli imeshuka chini. Ukiwa na P2135, waya wa pedeli uuache.

Ila wazo lako lina uzito kwa P2138. Kwenye gari la kawaida pedeli imekaa palepale, waya wake haupindiki. Kwenye hizi, kila ukisogeza waya unanyooka na kukunjika, na shaba inakatika ndani ya ganda bila kuonekana kwa nje. Usipime kwa kukanyaga tu. Ingiza sindano nyuma ya plagi ya pedeli ya mafuta, acha mguu mbali, kisha sogeza pedeli kwa MOTA kutoka mwisho hadi mwisho huku unaangalia volti za sensa zote mbili. Zisitikisike hata kidogo. Zikiruka, shika waya mahali unapokunjika.

#19 Mchunguzi_Kimya
Nafuatilia tu. Hivi hizi pedeli zina faida gani? Land Cruiser zetu hazina na tunaendesha.

#20 DadaSpana
#19 kwa mtu mfupi faida ni kubwa. Bila hizi anavuta kiti mpaka kifua kinakaribia usukani. NHTSA, wasimamizi wa usalama barabarani wa Marekani, wanashauri kuwe na sentimeta 25 hivi kutoka mfupa wa kifua hadi katikati ya usukani, kwa sababu mfuko wa hewa unafumuka kwa nguvu. Pedeli zikija kwako, kiti kinabaki nyuma. Kwa hiyo zikigoma zikiwa mbele, dereva mfupi usimwambie avumilie. Si mapambo.

Na si za Ford, Dodge na GM peke yao. Nissan Armada ya soko la Marekani nayo ilipatikana nazo.

#21 Ruwi72
Niongeze la zenye kumbukumbu, maana watu wataufufua uzi huu kwa hilo. Ukibonyeza zikasogea kidogo, zikasimama, ukabonyeza tena kidogo, zikasimama, usikimbilie mota. Moduli nyingi zikikosa habari kutoka kwenye sensa zinaruhusu kipande kifupi tu kisha zinakata. Pima zile waya tatu nyembamba: mmoja uwe na volti 5, mmoja hasi, wa katikati upande au ushuke taratibu pedeli zinavyotembea. Ukiganda pale pale wakati pedeli inatembea, sensa au waya wake.

#22 Katanga_Njia
Matokeo. Jana jioni baada ya mvua: nyeusi ya kwanza balbu nyeupe, ya pili nyekundu. Leo asubuhi jua limewaka, zote nyeupe! Nimefungua swichi pia, kontakti moja ina doa jeusi, nimeisugua kwa msasa laini. Nikarudisha kila kitu, pedeli zikaenda mbele na kurudi, bado polepole. Nikaendesha saa mbili mjini. Zikafa pande zote. Nikachomeka balbu: giza, huku na kule. Taa za rivasi zimezimika, kutikisa gia hakujasaidia.

#23 BaridiKaskazini
Mvua na jua. Maji hayo. Kagua panapofungwa hasi na pembe za kioo.

#24 WayaMwekundu
Na doa jeusi kwenye kontakti umelisahau? Kontakti iliyoungua nayo inazuia umeme. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

#25 MzeeWaMita
Taa za rivasi kuzimika kunapunguza nguvu ya hoja yangu, ila hakuiondoi. Rilei ya kizuizi inaweza kuchoka yenyewe ikipata joto, lehemu ya mguu wake ikapasuka, bila sensa ya gia kuhusika. Balbu giza pande zote ni chanya kimekosekana au hasi zote mbili zimekosekana pamoja, na mimi naweka shaka kwenye chanya.

Zikifa tena usiivute plagi ya swichi. Ukiivuta pini zinasuguana, zinajisafisha, kosa linapotea na wewe hujaona kitu. Nahisi ndivyo ilivyokuwa kila ulipopima. Andaa sindano mbili nyuma ya plagi mapema, moja kwenye mwekundu, moja kwenye nyeusi ya pili, zifunge utepe zisigusane wala zisigusane na bodi. Siku hiyo bonyeza swichi huku mita iko kwenye mwekundu na hasi ya betri. Ukipata sifuri, nenda kwenye rilei, iguse kwa kidole uone kama inapiga tik. Ukipata 12, hamia kwenye nyeusi.

#26 Ruwi72
Na kabla ya hapo safisha zile skurubu, paka grisi nyeupe ya lithiamu. Polepole bado hakuna aliyeieleza.

#27 MotaNaBrashi
Mimi nimeieleza.

#28 Katanga_Njia
Sindano zimeshakaa, utepe nimefunga. Kesho nakwenda Likasi na kurudi, mita iko kiti cha abiria.